Kuuza Nyumba Yako Mwenyewe Bila Dalali: Mazungumzo na Wananchi wa Bariadi



Mtu anayepita katika miji ya nchi yetu huyaona maneno yaliyopakwa rangi kwenye kuta za nyumba: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni angeweza kushangaa. Kwingine mwenye kutaka kuuza ndiye anayeandika; kwetu anayeandika ni yule asiyetaka kuuza. Anafanya hivyo kwa sababu anajua kwamba mtu mwingine aweza kuiuza nyumba yake yeye akiwa safarini au akiwa hospitalini, tena kwa karatasi zenye mihuri. Huyo mwuzaji huenda ni ndugu, huenda ni mpangaji, huenda ni mtu asiyemfahamu kabisa.

Mada tuliyopewa leo inazaliwa katika hofu hiyohiyo. Mwenye nyumba aliyeamua kuuza, je, aiuze mwenyewe au amkabidhi dalali? Wengi wanaotufikia na swali hili hulileta kama swali la fedha tu: nitaokoa kiasi gani nisipomlipa dalali? Sisi twaona kwamba fedha hiyo ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe, ingawa nayo tutaihesabu, kwa kuwa si haki kumhubiria mtu uadilifu huku tukimficha hesabu.

Kwanza tukumbuke tuko wapi. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikafanywa makao makuu yake. Mji uliokuwa wa wilaya, uliozoea kuamka katika msimu wa pamba na kulala baada yake, ukahitaji ghafla ofisi za mkoa, nyumba za watumishi, mabenki na maghala. Mwaka 2018, 2019 na 2020 sherehe za Nanenane za kitaifa zilifanyika pale Nyakabindi, na watu wa mikoa ya mbali wakapafahamu mahali hapa. Ardhi ikabadilika tabia. Mzee aliyejenga hapa miaka ya 1980 kwa fedha ya pamba anaijua vema bei ya tofali la siku zile na jina la fundi aliyelipanga. Bei ya leo ya uwanja wake haijui. Dalali anaijua. Tofauti ya nguvu kati yao iko hapo, wala haiko katika elimu ya shule wala katika umri.

Kwetu Usukumani neno dalali si geni. Katika minada ya ng'ombe yeye husimama kati ya mfugaji na mnunuzi, huwapatanisha, na hulipwa ujira wake. Kazi hiyo ina manufaa, wala hatusimami hapa kuilaani. Lakini ng'ombe na nyumba havifanani. Ng'ombe yupo mbele ya macho ya wote. Meno yake yaonekana, na ubavu wake waonekana. Mnunuzi akishalipa na kupewa kibali, anamswaga na mambo yamekwisha. Nyumba haiswagwi. Kinachouzwa hasa si tofali wala bati, bali ni haki ya kukaa juu ya kipande cha ardhi, na haki haionekani kwa macho. Inaonekana katika karatasi, katika ushuhuda wa majirani na katika ridhaa ya wenye nyumba. Dalali hodari wa kupatanisha bei aweza kuwa hajui lolote juu ya hayo matatu, na wakati mwingine ni heri kwake asiyajue.

Sasa hesabu tuliyoahidi. Tuseme mama mmoja mjane anataka kuuza nyumba. Dalali anamwambia, "Mayu, hapa tukipata milioni 18 tumshukuru Mungu." Mama anakubali. Dalali anakwenda kwa mnunuzi na kumtajia milioni 22, naye mnunuzi analipa. Milioni 4 za katikati huitwa "cha juu", na mama hazijui. Kisha dalali anamwomba mama asilimia 10 ya milioni 18, yaani 1,800,000, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi. Mama anabaki na 16,200,000. Mnunuzi ametoa milioni 22, mwenye mali amepata 16,200,000. Zaidi ya robo ya thamani imeishia njiani. Ile asilimia 10 ni ujira uliotajwa, nasi hatuna ugomvi nao. Cha juu ni jambo jingine. Mtu aliyetumwa na mwenye mali, akapokea ujira wake, kisha akamficha bei, amekula viapo viwili. Ndiyo maana tunasema swali la kwanza la kumwuliza dalali si "unataka asilimia ngapi?" bali "je, mimi na mnunuzi tutakaa meza moja siku ya malipo?" Akikataa hilo, majibu mengine yote hayana maana.

Kwa mfano huo wengi watasema: basi tumwondoe. Tafadhalini, tusiharakishe. Watu wa kanda hii wamewahi kumwondoa mtu wa kati, tena kwa ushujaa. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wakiwamo wa Maswa ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake, walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Miaka ya 1950 walijipanga katika vyama vyao wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Lakini tazameni walichofanya. Hawakuishia kumfukuza mnunuzi. Walijifunza kupima wenyewe, kuandika daftari, kutunza ghala, kisha kuendesha vinu vya kuchambulia pamba. Kazi ya mtu wa kati haikutoweka, iliwahamia wao. Na baadaye, usimamizi ulipolegea, ushirika wenyewe ukaonekana kwa mkulima kuwa mtu wa kati mwingine mwenye makato, hata serikali ikavivunja vyama vikuu mwaka 1976. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kuliko sisi.

Hivyo basi, atakayeuza nyumba bila dalali hana budi kujiuliza kama yuko tayari kuifanya kazi ya dalali, na kuifanya vizuri zaidi yake. Kazi hiyo ni kuijua bei, kumpata mnunuzi, na kuyafikisha mauzo mwisho wake salama.

Kuhusu bei, msiwaulize wanaotaka kuuza. Hao watawatajia ndoto zao. Waulizeni walionunua au kuuza kweli katika mwaka huu, watu watatu au wanne, katika mtaa uleule. Tenganisheni bei ya kiwanja na bei ya jengo, maana kiwanja kilichopimwa chenye hati na kiwanja chenye karatasi ya mauziano ya mtaa havina bei moja hata vikipakana. Fundi mwaminifu aweza kuwaambia jengo lingegharimu kiasi gani kulijenga leo. Na kama nyumba ni ya thamani kubwa, yupo mthamini aliyesajiliwa, ambaye kazi yake inatawaliwa na sheria ya mwaka 2016. Mthamini si dalali. Yeye hulipwa kwa kukadiria thamani, hafaidiki bei ikipanda wala ikishuka, na kwa hiyo neno lake lina uzito wa namna nyingine.

Kumpata mnunuzi katika mji kama huu hakuhitaji ufundi mkubwa. Hapa si Dar es Salaam, ambako mtu aweza kukaa miaka mitano bila kumjua jirani. Bango ukutani, neno kwa walimu na wauguzi waliohamia, taarifa kwa wafanyabiashara wa sokoni, simu kwa ndugu walioko Mwanza; hayo kwa kawaida yatosha, mradi muuzaji asiwe na haraka. Lakini mara nyingi haraka ipo. Ada ya chuo inadaiwa mwezi huu, mgonjwa yuko Bugando, mkopo umeiva. Mwenye shida ya wiki moja huuza kwa bei ya wiki moja, awe na dalali au asiwe naye. Kwake huyo shauri letu ni kwamba kabla ya kuuza atafute njia ya kununua muda: kupangisha vyumba viwili kwa kodi ya miezi sita, kuuza mifugo kwanza, au kuwaita ndugu na kuwaeleza hali bila kuona haya. Nyumba iwe ya mwisho kwenda sokoni.

Tukija kwenye kuyafikisha mauzo mwisho wake, hapa tungependa tukae kidogo, kwa kuwa mashauri mengi yanayotufikia huanzia hapa.

Dalali hawezi kumpa mtu haki ambayo mtu mwenyewe hana. Nyumba nyingi katika mji wetu bado ziko katika jina la baba aliyekwisha kufariki. Watoto wanakaa humo, wanaipangisha, wanaiita yetu, lakini hakuna aliyekwenda Mahakamani kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mmoja wao akiiuza, hata kwa nia njema, hata akigawa fedha sawasawa, amejenga kesi. Hali kadhalika nyumba ya mume na mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye karatasi ni la mmoja tu. Baba anayesema "nyumba ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu" aende akaulize ni nani aliyemchotea maji fundi. Na ridhaa si kunyamaza kwa mama jikoni. Ni sahihi yake au dole gumba lake, mbele ya shahidi aliyemsomea yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa. Ikiwa anaelewa Kisukuma, asomewe kwa Kisukuma.

Kwa wale wa vijijini lipo la nyongeza. Ardhi ya kijiji inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na kuihamisha kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyoandikwa sebuleni na kushuhudiwa na marafiki wawili haiitoshelezi sheria hiyo, hata fedha yote ikiwa imelipwa. Mjini, penye hati, uhamisho wa milki hupitia ofisi ya ardhi kwa fomu zake, na mpaka usajiliwe, mnunuzi ameshika ahadi tu.

Ipo kodi pia, na muuzaji asiye na dalali mara nyingi huisahau. Mkazi wa nchi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, siyo ya bei yote. Kwa marekebisho ya mwaka 2023, asiye na kumbukumbu za gharama zake aweza kutozwa asilimia 3 ya thamani ya mauzo. Lakini sheria imemwachia nafuu mwenye nyumba ya kuishi: aliyeimiliki na kukaa humo kwa muda wa miaka 3 au zaidi, na faida yake isizidi shilingi milioni 15, husamehewa. Wangapi hapa wanaijua nafuu hiyo? Na wangapi wanazo risiti za saruji na bati? Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nendeni katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kuuza, si baada ya kuitwa.

Tuseme neno juu ya viongozi wa mitaa, ingawa wengine wao wamekaa mbele yetu. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mwema. Anaijua mipaka, anawajua majirani, anajua ni nani aliyefariki na ni nani aliyehama. Aitwe. Lakini kazi ya kuandika mkataba ni ya mwanasheria, na gharama ya wakili ni ndogo ukiilinganisha na ile ya shauri la miaka minane. Ikiwa kiongozi yeyote atadai asilimia ya bei ya nyumba, mwombeni kwa adabu awaonyeshe sheria inayomruhusu na awape stakabadhi ya serikali. Vikikosekana hivyo viwili, huyo naye ni dalali, tena asiyefanya kazi.

Malipo yapite benki. Mzee asilale nyumbani na mamilioni chini ya godoro huku mtaa mzima unajua kwamba ameuza. Hati halisi isitoke mkononi mpaka fedha yote iingie, na anayelipa kwa awamu aandikiwe tarehe za awamu hizo na matokeo ya kuchelewa.

Je, yupo anayefaa kumtumia dalali? Ndiyo. Mtoto aliyeko Arusha au nje ya nchi, mwenye nyumba hapa na asiye na ndugu wa kumtuma, anahitaji macho na miguu ya mtu mwingine. Mzee asiyeweza kuwapokea wageni kumi kwa wiki anahitaji msaada huohuo. Hao waandikiane na dalali mkataba: ujira ni kiasi gani, nani ataulipa, makubaliano yatadumu miezi mingapi, na kwamba bei itatajwa wazi kwa pande zote mbili. Kumkabidhi dalali hati halisi, hapana.

Na haki ina pande mbili. Tumesikia wenye nyumba wakijisifu jinsi walivyomzunguka dalali: kijana amezunguka juani mwezi mzima, amemleta mnunuzi, kisha mwenye nyumba na mnunuzi wamepeana namba za simu nyuma yake na kumalizana usiku. Huo nao ni wizi wa ujira. Wengi wa vijana hao ni watoto wetu waliomaliza shule na hawakupata kazi. Wakifanya kazi kwa uwazi wanastahili kula kwa uwazi. Anayetaka kuuza bila dalali aseme hivyo tangu siku ya kwanza, asiwatumie kama mbwa wa kuwinda.

Vilevile kwa mnunuzi. Mwenye kuuza mwenyewe hana wa kumsingizia uongo. Kama uwanja hujaa maji ya masika, aseme. Kama jirani anadai hatua tano upande wa mnazi au wa mkatani, aseme. Kama nyumba iko rehani kwa mkopo, hilo hata si la kusema tu. Asiuze mpaka amalizane na benki.

Katika Kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 32, tunakuta mauzo ya shamba la Anathothi yaliyofanyika mji ukiwa umezingirwa na adui. Bei ilikuwa shekeli 17 za fedha, ikapimwa kwenye mizani mbele ya mashahidi. Hati iliandikwa, nakala moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zote zikawekwa katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Muuzaji na mnunuzi walikuwa watoto wa ndugu. Walijuana tangu utoto, na bado hawakuacha hata shahidi mmoja wala hata nakala moja. Sisi tunaojuana kwa ukoo na tangu ujana twadhani kujuana kunatosha. Na majalada ya Baraza la Ardhi na Nyumba yamejaa watu wanaojuana.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwenye nyumba wa Bariadi ni hili: ikiwa jina ni lako, mwenzako ameridhia, watoto wamejulishwa, na huna haraka ya wiki hii, uza mwenyewe, mji huu ni mdogo vya kutosha na ofisi ziko karibu. Tangu mwaka 2020 hata huduma za ofisi ya ardhi ya mkoa zimesogezwa karibu na wananchi. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, usianze kwa kumtafuta dalali wala mnunuzi. Anza kwa kukitafuta kilichokosekana.

Tumeacha mezani nakala za mfano wa mkataba wa mauziano na orodha ya karatasi za kupeleka ofisi ya ardhi. Mwanasheria aliyefuatana nasi atabaki hapa mpaka saa kumi. Tungeomba wenye maswali ya nyumba za marehemu watangulie, kwa kuwa yao huchukua muda, na waje na cheti cha kifo kama wanacho.